Kipoyi Kilicholala kwa Papa Ezéchiel

Kule juu Kilibula, kwenye avenue ya kina Alliance, mtaa wa mlimani, mtu akitaka kusaidiwa ni heri afe kwanza. Si matusi, ndivyo mambo yalivyo. Ukiugua watakuambia pole. Ukikosa karo ya mtoto watakuambia Mungu yupo. Lakini jaribu kufa uone! Kabla mwili haujapoa kamba imeshafungwa barabara kubwa kule chini, na sahani ya mchango yenye kitambaa cheupe inapita kwenye madirisha ya magari. Viti vya kilio vinatolewa vilikolala, sufuria zile ambazo mtoto mzima anaweza kuogea zinapanda mlima vichwani mwa wanawake, na jirani aliyekunyima chumvi mwezi uliopita anafika amebeba mchele na machozi.

Alliance alizaliwa hapo na kukulia hapo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, diploma ya ualimu ambayo mama yake aliitundika ukutani kando ya picha ya Bikira Maria, na kazi ya kusuka nywele za watu kwenye baraza. Kati ya vitu hivyo vitatu, kilichokuwa kinaleta ugali ni kusuka. Bikira Maria alisaidia alipoweza. Diploma ilikaa ukutani tu ikishika vumbi.

Basi mwaka ule Sista Anne, mkuu wa shule ya watoto wadogo pale parokiani, akamwita na kumwambia kwamba nafasi ya mwalimu ipo, itafunguliwa mwezi wa tisa. “Lakini ninataka kijana mwenye fulari nyeupe,” akasema. “Diploma kila mtu anayo. Minye nataka muntu anayejua kutumika.”

Fulari nyeupe, kitambaa cha kufunga shingoni, ilikuwa tuzo ya juu kabisa ya Vijana wa Huduma, kundi la parokia ambalo Alliance alikuwa amevaa kitambaa chake cha kijani tangu akiwa na meno ya utoto. Ya kijani unapewa kwa kujiandikisha na kufika. Nyeupe unaitolea jasho: lazima ufanye kazi ya huduma, kitu kitakachowafaa watu wa mahali unapoishi, na ukifanye, kama sheria ilivyosema na mwalimu Bonaventure, mlezi wa kundi, alivyoisoma kila mwaka kwa sauti ya mtu anayesoma mashitaka, “kwa mikono yako mwenyewe.” Bila fulari, hakuna shule. Bila shule, Alliance angezeekea barazani, vichwa vya watu kati ya magoti yake.

Kitu cha kufanya alikijua siku nyingi. Tangu mafuriko yalipokula barabara yao, gari lilikuwa halipandi tena. Pikipiki ilipanda pasipo na mvua, na hata hapo dereva alipanda akisali. Mgonjwa aliteremshwa mgongoni mwa mwanawe kama ana mwana, au kwenye kiti cha plastiki kama ana majirani. Bibi yake Alliance aliteremshwa kwa kiti. Mguu wa kiti ukavunjika katikati ya mteremko, na bibi akafika hospitali akiwa na ugonjwa mmoja zaidi ya ule alioondoka nao nyumbani. Avenue ilihitaji kipoyi, kile kitanda cha kubebea mgonjwa mabegani.

Akaanza. Mjomba wake Evariste, mkulima wa Nyakabere, akamkatia mianzi miwili mirefu iliyonyooka na mingine mifupi ya kukatisha. Wavuvi wa Makobola wakampa bure nyavu kuukuu ambazo zilikuwa zimeshachoka kushonwa. Akakaa barazani, wateja wakipungua, akazisokota nyuzi za nyavu na kuzisuka katikati ya ile mianzi, mistari midogo midogo, kama anavyosuka kichwa cha bibi harusi. Mama yake, Marie-Jeanne, akawa anapita na kuuliza: “Hicho kichwa ya nani isiyoisha?”

Kipoyi kilikuwa kimefika nusu yake, siku aliyotokea Achille.

Achille alikuwa prezida wa vijana, mwenye fulari nyeupe iliyopigwa pasi hata siku za kazi. Kazi yake ya huduma ilikuwa choo cha soko, kilichojengwa na pesa za mfanyabiashara mmoja wa mafuta. Mikono ya Achille iligusa choo kile siku ya kuzinduliwa, alipotangulia kukitumia.

“Yaya Alliance,” akasema, kama wanavyomwita dada mkubwa pale kwao, “hii ni nini?”

“Kipoyi.”

“Hii ni kibanda ya kuku imelala. Weye unataka kuaibisha kundi? Wakubwa ya diosezi banakuja na kamera. Banataka kitu inaonekana!”

“Banataka kitu inabeba mugonjwa.”

“Kwani ya chuma haibebe? Tutafute wafadhili, tukusanye michango. Kila kundi inafanyaka vile. Hata Yesu alikula kwa batu.”

“Alialikwa. Hakupitaka na sahani.” Alliance hakuinua macho kwenye uzi wake. “Na minye nikiomba, Achille, nitakuwa naomba kwa ajili ya nani? Ya wagonjwa, ao ya shingo yangu?”

Swali hilo Achille akalipeleka kwenye kikao, akitumaini litakufa huko. Halikufa. Likawagawa vijana kama nyama ya sikukuu. Wengine wakasema mwanachama hana ruhusa ya kuombaomba, kwamba fulari iliyooshwa kwa mchango wa mwingine ni ya yule mwingine. Wengine wakauliza: sisi watoto wa Kilibula, wa baba wasiolipwa na mama wauza mihogo, tutajenga nini kwa mikono mitupu, vichuguu? Mwalimu Bonaventure, ambaye alikuwa na kipaji cha kukubaliana na mtu wa mwisho kusema, akasema kuomba kwa ajili ya mwenzako si kuomba, ni kuchangisha. Halafu akasema sheria ni sheria. Halafu akasema tufunge kwa sala.

Baada ya sala Sista Anne akamshika Alliance mkono mlangoni. “Umefikia wapi, mwanangu? Mwezi wa tisa hausubiri.” Alliance akawaza ile mianzi yake, jinsi ilivyoonekana machoni mwa Achille, jinsi itakavyoonekana mbele ya kamera za diosezi. Usiulize ni nini kilichomshinda. Mtu aliyekaa barazani miaka minne akitazama visogo vya watu, akionyeshwa mlango, hauulizi umetengenezwa kwa mbao gani. Akamwambia Achille: haya, tuombe.

Jumamosi wakashuka barabara kubwa kuchangisha. Sasa, vijana wale hawakujua namna nyingine ya kuomba isipokuwa ile waliyoiona tangu utotoni. Wakafunga kamba katikati ya barabara. Wakachukua sahani, wakaifunika kitambaa cheupe. Msichana mmoja, kwa mazoea tu ya kilio, akavua viatu na kujifunga kitenge kiunoni.

Mwendesha pikipiki wa kwanza akasimama, akavua kofia, akaingiza mkono mfukoni kwa heshima yote. “Poleni. Ni nani?”

“Ni nani nini?” akauliza Alliance.

“Aliyekufa.”

“Hakuna aliyekufa, kaka. Tunakusanya mchango ya kipoyi ya kubeba wagonjwa.”

Yule bwana akautoa mkono mfukoni ukiwa mtupu kama ulivyoingia, akarudisha kofia kichwani. “Kumbe iko muzima? Basi murudi akikufa.”

Hivyo hivyo mpaka mchana. Mama mmoja muuza samaki wa ndagala alikuwa amekwisha kulia kidogo alipoambiwa hakuna maiti. Akakasirika kweli, akataka kurudishiwa machozi yake. Mzee mwingine akawaambia wanaita kifo kwa kamba yao, na kama mtu akifa wiki hiyo ajulikane aliyemwita. Wakakunja kamba. Sahani ilirudi nyumbani na kitambaa chake, hicho tu.

“Umeona?” akasema Achille njiani. “Batu wadogo banatoaka kwa mufu. Kwa muzima unaenda kwa mukubwa.”

Mkubwa alikuwa Papa Ezéchiel. Depo yake ya simenti, mabati na misumari ilikuwa hapo hapo mwanzo wa avenue, yenye mlango wa chuma na kufuli kama kichwa cha mbuzi. Mwenyewe hakulala hapo. Alikuwa na nyumba kubwa kule karibu na mpaka, na nusu ya wiki alikuwa Bujumbura kwa biashara zake. Ilisemekana uchaguzi ujao atasimama. Aliwapokea kwenye kiti chake, akamsikiliza Alliance mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu.

“Mwanangu, weye njo wa kwanza kuniomba kitu ya batu wazima. Wengine banaombaka sanduku ya mufu tu.” Akamgeukia kijana wake wa duka. “Bienvenu! Ita fundi wa kuchomelea.”

Na kwa kweli kipoyi kilichotoka kwenye depo ile kilikuwa kizuri. Mabomba ya chuma, godoro la buluu lenye ngozi ya plastiki, mikanda ya kumfunga mgonjwa asianguke. Ubavuni kote, kwa rangi nyekundu, kiliandikwa ZAWADI YA PAPA EZÉCHIEL KWA WANANCHI. Alliance alikuwepo wakati wa kuandika. Yeye ndiye aliyeshika mkebe wa rangi. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na mikono yake mwenyewe.

Nyumbani ile mianzi ikasimama siku chache ukutani kama mgeni asiyekaribishwa kula. Halafu Marie-Jeanne, ambaye hakuzoea kuona kitu kinakaa bure, akaing'oa nyuzi, akaichomeka shambani nyuma ya nyumba maharage yapande. Nyavu akawafunikia kuku.

Likabaki swali moja dogo: kipoyi kilale wapi? Na hapa ndipo wenye akili zao waliponyoosha shingo wenyewe kwenye kisu, kwa sababu swali hilo pale kwao halikuwa swali. Kitu cha wote hulala kwa aliyetoa zaidi. Ndivyo babu zao walivyofanya na ndivyo ilivyo haki, maana aliyetoa zaidi ndiye ataumia zaidi kikipotea, kwa hiyo atakilinda. Viti vya kilio vililala kwa fundi aliyevinunua vingi. Sufuria kubwa zililala kwa mama Léocadie, mjane aliyetoa tatu siku ya kilio cha mumewe. Mama Geneviève, chefu aliyeongoza avenue, akakusanya watu, akamwambia Alliance, kwa kuwa kazi ni yake, aseme yeye.

Alliance aliwaza nyumba yao iko katikati ya mlima, mtu yumo siku zote. Aliliwaza hilo vizuri. Kisha akatazama watu, akatazama Papa Ezéchiel aliyekuwa amekaa mbele anajipepea, akaona jinsi itakavyosikika: kamuomba mtu, kapewa, sasa anamnyang'anya. “Kitalala kwa Papa Ezéchiel,” akasema. Wakapiga makofi. Hakuna aliyekumbuka, hata huyo mwenye diploma, kwamba mlango wa mama Léocadie ni pazia, na wa depo ni chuma.

Wiki zikapita, zikabaki siku chache kufika Jumapili ya kufungwa fulari. Jumanne ya wiki ile mvua ilinyesha asubuhi ikaacha, udongo ukawa mwekundu na laini kama sabuni. Keza, jirani wa chini kidogo, alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani kwa Alliance, tumbo la miezi minane mbele yake, anasukwa. Mumewe alikuwa Makobola kwenye uvuvi. Walikuwa wakicheka juu ya jina la mtoto.

“Akiwa mwanamke nitamupa jina yako,” akasema Keza. “Lakini asisuke. Akuwe mwalimu, akae kwa kiti.”

“Mwalimu wa kusimama, dada. Kiti ni ya Sista directrice.”

Keza akacheka, kisha akashika mkeka. “Yaya,” akasema polepole. “Minye niko nalowa.”

Ilikuwa damu.

Marie-Jeanne akamlaza, Alliance akatimua mbio mpaka kwenye depo. Mlango wa chuma umefungwa. Nje, kwenye gunia tupu, Bienvenu amekaa anakula karanga.

“Fungua, nataka kipoyi!”

“Ufunguo haiko na minye. Boss haachake ufunguo. Iko Bujumbura nayo.”

“Mupigie!”

Bienvenu akapiga. Wanaume watatu waliokuwa wakipita wakasimama, Mama Geneviève akafika anahema. Simu ikapokelewa, na Bienvenu akaifungulia sauti wote wasikie.

“Kesho asubuhi niko hapo,” ilisema sauti ya Papa Ezéchiel, nyuma yake honi za magari.

“Papa, kuko mama anavuja damu!” Alliance alipiga kelele.

“Mungu amusaidie, mwanangu. Mutafute namna. Lakini musiguse kufuli yangu. Simenti ya batu iko ndani.”

Ikakatika. Kipoyi kilikuwa hatua chache kutoka pale waliposimama, nyuma ya bati. Pembeni kulikuwa na jiwe la kutosha, na mikono ya kuliinua.

“Vunjeni,” akasema Alliance.

Wanaume wakatazama viatu vyao.

“Vunjeni, munasubiri nini?”

“Dada,” akasema mmoja wao, mtu mwema kabisa, “leo tunavunja kwa ajili ya Keza. Kesho mufuko moja ya simenti ikikosekana, banatafuta nani? Sisi. Na sisi sura zetu za wizi ziko tayari, polisi hata hatachoka.”

Akamgeukia Mama Geneviève. Mama Geneviève akajifuta jasho, akasema kwa huzuni ya kweli: “Kitu iko kwa mwenyewe, mwanangu. Weye njo ulisema.”

Basi Alliance akarudi mbio juu, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Mianzi ilikuwa imesimama shambani, maharage yameipanda mpaka juu, yametoa maua. Akang'oa mmoja na maharage yake. Akang'oa wa pili. Akashika ile mianzi miwili mkononi akiwa amesimama kati ya majani, akajua kwamba kipoyi hakisukwi wakati damu inavuja. Akaitupa.

Wakamteremsha Keza kwenye kitenge, kila mtu na pembe yake. Wanaume wale watatu walibeba. Kubeba hakuna sheria inayokataza. Waliteleza mara nyingi, na mara moja wakaanguka wote pamoja naye. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa na mistari mizuri, upande wa pili nywele zimesimama wazi na matope yameingia. Alikuwa halii. Alikuwa anasema tu, “Polepole, polepole,” kama vile wao ndio wagonjwa.

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliwatazama, akasema lile neno ambalo wauguzi nadhani hufundishwa shuleni: “Mungelifika mapema kidogo.” Keza alipona. Mtoto, mwanamke, hakupona.

Na hapo, sasa kwa kuwa kulikuwa na mfu, avenue ikaamka. Kamba barabarani, sahani, kitambaa. Sufuria zikatoka kwa mama Léocadie, zikapita pazia bila kumuomba mtu ruhusa. Papa Ezéchiel aliporudi na kusikia, alituma mchele na sukari, na yeye mwenyewe akaja kukaa kidogo kwenye kilio akiwa na suti nyeusi. Alikaa vizuri. Watu walimsifu kwamba hana majivuno. Kuhusu kufuli hakuna aliyemwambia neno. Utamsema vipi mtu ambaye mchele wake uko mdomoni mwako?

Jumapili ikafika. Alliance alimwambia mama yake haendi.

Marie-Jeanne alikuwa anamenya mihogo. “Usipoenda, yule mutoto atarudi?”

“Hapana, mama.”

“Basi enda. Kufa ishakufa. Nyumba hii inataka mushahara.”

Ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani. Wakubwa wa diosezi walikuja na kamera kama Achille alivyosema. Papa Ezéchiel alipewa kiti chenye mto, mstari wa mbele. Kipoyi chenyewe kiliwekwa juu ya meza mbili karibu na mikrofoni, chuma kinang'aa, na godoro lilikuwa bado ndani ya nailoni yake ya dukani, halijaguswa na mgongo wa mtu.

Desturi ya kundi ni kwamba kabla ya kufungwa fulari, mwenye kufungwa anaulizwa swali mbele ya watu. Mwalimu Bonaventure alilisoma kwenye karatasi ingawa ni swali moja. “Kazi yako inamtumikia nani?” Na kila mwaka vijana hujibu: watu wa Mungu na watu wa mahali petu. Wawili waliotangulia walijibu hivyo hivyo, mmoja na kigugumizi.

“Alliance. Kazi yako inamtumikia nani?”

Aliinua macho. Akamwona Sista Anne, ameshika miwani yake, anamtabasamia. Akamwona mama yake amevaa kitenge cha sikukuu. Kina mama wa avenue walikuwa upande wa kushoto, na nafasi ya Keza ilikuwa wazi.

“Alliance?” Bonaventure alimnong'oneza jibu. “Watu wa Mungu...”

“Inamtumikia Papa Ezéchiel,” akasema Alliance.

Alisema wazi, neno kwa neno, karibu na mikrofoni. Kina mama wa avenue wakashika vinywa vyao. Yule mwanaume mwema aliyebeba pembe ya kitenge akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Hata Bonaventure alielewa, na Bonaventure si mwepesi.

Papa Ezéchiel akasimama.

Alikuwa na machozi. Akaweka mkono kifuani, akainama kidogo kuelekea kwa Alliance, akageuka akainama kuelekea kwa watu. Kisha akaanza kupiga makofi, kwa unyenyekevu, kama mtu anayepokea sifa ambayo hakuitarajia. Achille akadaka, akapiga pamoja naye. Wakubwa wa diosezi wakapiga. Na kwa kuwa mtu mkubwa haachwi akipiga makofi peke yake, wengine wakafuata, mstari kwa mstari, mpaka wa madirishani, mpaka kina mama wa upande wa kushoto, mpaka yule mwanaume mwema. Kamera zilimulika. Bonaventure akamfunga Alliance fulari nyeupe shingoni.

Mwezi wa tisa akaanza shule. Watoto walimpenda, alikuwa akiwasuka wasichana wakati wa mapumziko bila malipo. Keza alikutana naye siku moja njiani, kichwa kimenyolewa, ndoo mkononi. Alliance alikuwa amejiandalia maneno mengi wiki nyingi. Keza akaitazama fulari, akasema, “Félicitations, yaya, hongera,” na hakukuwa na dhihaka yoyote ndani yake, ungeitafuta usiione. Akapita na ndoo yake. Kwa Alliance hakurudi tena kusuka. Nywele zilipoota alisukwa na mwingine.

Kipoyi nacho kiliendelea kulala. Kilitoka mara moja tu, kubeba spika za muziki mpaka juu ya mlima, siku Papa Ezéchiel alipokuja kuwasalimia wananchi.

Mwishoni mwa mwaka mkutano mkuu wa Vijana wa Huduma uliamua kumaliza ile hoja ambayo haikufa: je, mwanachama anayetafuta fulari nyeupe aruhusiwe kuomba michango? Achille alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alitaja choo. Alitaja kipoyi. Akasema bila wafadhili kundi litabaki kufagia njia.

Alliance akasimama. “Muombe kama munataka,” akasema. “Lakini mujue kila kitu unachopewa kiko na mahali kinalala. Minye niliomba, na nilipata kitu nzuri kuliko ile ningefanya. Keza hakubebwa nayo. Ile yangu mbaya ingelimubeba.”

Kisha kutoka nyuma msichana mmoja wa fulari ya kijani, mtoto wa muuza mihogo, mwenye diploma yake na hamu yake, akauliza bila ubaya: “Yaya, weye uliomba, ukapata fulari, ukapata na kazi. Sasa sisi tukitaka kupita, njo unafunga mulango?”

Watu wakacheka. Alliance alifungua mdomo. Alikuwa na jibu, alikuwa nalo refu. Lakini kila alipolianza lilianzia shingoni mwake, kwenye kile kitambaa, na watu wote walikuwa wanakitazama.

“Tupige kura,” akasema Bonaventure.

Wanaokubali michango wakainua mikono, ukumbi ukawa shamba la mikono. Wanaokataa? Bonaventure akasubiri, kalamu hewani. Alliance akainua wake. Ulibaki juu peke yake mpaka Bonaventure alipoandika, na wakati unasubiri huko juu fulari ilimteleza begani, naye akairudisha vizuri kwa mkono wa pili.